Bakuli la Arobaini ya Mzee Ilie

Bon, mimi si mtu wa kuogopa giza. Lakini jioni ile niliyopeleka bakuli kwa Rodica, laiti ningevunjika mguu mlangoni kwangu!

Kijiji chetu cha mashamba kiko nje ya Buffalo, Marekani. Tuko huku Wakongo, Warundi, Wameksiko, na nyumba chache za Warumania. Rodica ni Mrumania, jirani yangu. Alipofanya arobaini ya mume wake, mzee Ilie, aliniletea bakuli la ngano tamu na mshumaa juu yake. Tukala, mimi na binti yangu Gentille.

Sasa, kwetu Butembo, Kongo, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hiyo ni adabu, hata mtoto anajua. Nikalijaza bakuli sombe, mboga ya majani ya muhogo, nikavuka shamba la mahindi jua likizama.

"Hodi!"

Nikabisha tena, nikaingia.

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni kulinuka udongo mbichi na nta. Mzee mmoja alikuwa amekaa mezani na koti lake, uso ameuelekeza dirishani. Nikadhani ni ndugu wa Rodica. Akanyoosha mikono yote miwili, akapokea.

"Nani amepika?" akanong'ona.

"Mimi na binti yangu, Gentille."

"Gentille... Nitakuja kula kwake."

"Karibu sana, mzee wangu."

Nilikuwa nimeshafika uani ndipo nikasimama ghafla.

Mrumania gani huyo anaongea Kiswahili?

Rodica akatokea zizini na ndoo ya maziwa. Nilipomweleza, ndoo ikamponyoka. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza akaniambia: chombo cha marehemu hakirudishwi. Ukipewa, ni chako. Ukikirudisha na chakula, umemkaribisha maiti mezani kwako.

"Ulimtajia jina?" Akanishika mkono. "Mama Gentille, jina la nani?"

Yesu wangu, nilikimbia nikianguka na kuinuka. Nilimkuta Gentille mezani, sahani mbele yake, amenyoosha kijiko kuelekea kiti kisicho na mtu.

"Mama, usipige kelele. Babu anakula."

Kijiko kikarudi kitupu.

Tangu hapo kila jioni sahani inakwisha, na mtoto anazidi kukonda. Daktari hakuona kitu. Pasta aliomba hadi sauti ikamkauka. Nikamkimbiza Gentille kwa dada yangu, mjini Columbus. Harufu ya udongo ikatutangulia jikoni. Rodica kwenye simu analia tu. Anasema kwao hakuna aliyewahi kukosea hivi, hajui dawa yake.

Mtoto wangu akawa hawezi tena kupanda ngazi. Donc, jana jioni nikamtoa kwenye kiti chake, nikakaa mimi. Harufu ilipokuja, nikasema:

"Mzee, mwache. Ni mimi niliyepika. Naitwa Rakeli. Kula kwangu."

Nikaisukuma sahani upande wa pili wa meza.

Kisha kiti cha mbele yangu kikasogea.

Leo Gentille amemaliza ugali wote, akaomba mwingine! Nimecheka hadi machozi, nimemshukuru Mungu kwa sauti. Dada ananiuliza mbona mimi sili.

Nimemwambia nimeshiba.