Namba Iliyobip Kutoka Mtoni

Majirani zangu wa Kitshanga, wivu tunauchekea sana. Leo tusicheke.

Nyumba ya Polycarpe, mwalimu wa umeme kwenye sekondari yetu, ilikuwa na amani hata vita ilipotuzunguka milimani. Mke wake Kavira aliuza maharage sokoni, na binti yao Fifi alikuwa mcheshi kweli. Basi msimu mmoja wa mvua, Polycarpe akawafundisha wanafunzi kutengeneza kapta, kidude chenye SIM ndani. Walikifunga kule juu ya mto. Maji yakipanda, kinabip simu ya mwalimu, naye anapiga filimbi ili wanaofua huku chini watoke haraka.

Simu ikaanza kulia. Kavira akiipigia ile namba, hakuna anayejibu.

"Papa Fifi, huyu mwanamuke ni nani?"

"Hakuna mwanamuke, Mama Fifi. Ni ile kapta. Mto njo unabip."

"Mto? Na mto unanunuaga unité za kupigia simu wapi?"

"Twende nikuonyeshe."

"Niende kusalimia malaya wako? Aka!"

Sokoni wenzake wakamchochea: "Dada, wanaume njo vile." Roho ikamuuma vibaya. Akawa ananusa kila shati la mumewe kabla ya kulifua. Mwisho, mume akiwa anaoga, Kavira akachukua simu akaifungia ile namba isiingie tena. Simu ikanyamaza, naye akaimba kutwa nzima!

Jumamosi mvua ilinyesha milimani, lakini kwetu jua liliwaka. Fifi alikwenda kufua na wenzake. Polycarpe alikuwa nyumbani karibu na mto, simu iko mezani, kimya. Maji yakaja ghafla. Wasichana wengine walipanda ukingo. Fifi alirudi kuokota shati la baba yake. Tulimpata kesho yake, amenaswa kwenye mianzi.

Baada ya mazishi, Polycarpe akaikagua simu. Ile namba iliyofungwa ilikuwa imebip, ikabip tena na tena, asubuhi ile yote. Akampa mkewe aangalie. Kavira akaanguka chini akipiga kelele: "Yule nilimuchukia bure! Alikuwa anamuitia mutoto wangu!"

FUNZO

Mwenye wivu, ukiambiwa twende ukaone, nenda. Kavira alikataa kutembea mpaka mtoni. Sasa anakwenda kila Jumapili, na maua. Nanyi wazazi, kile watoto wanachofundishwa shuleni, kiulizieni kwanza kabla ya kukifunga mdomo.