Picha ya Kutangulia Jeneza

Kufuli ya studio ilikuwa imekatwa, na diske ya kuhifadhia picha haikuwepo. Kamera mbili za bei zilibaki palepale mezani. Inspekta Bertille akaguna. Mwizi gani huyu wa Kalemie anayeacha kamera?

Toussaint, mwenye studio, alieleza. Jana alikuwa kwenye kilio cha Abigaël, aliyeokotwa ziwani juzi. Mumewe, Cyprien, alisema aliteleza kwenye mawe akiosha vyombo. Toussaint alikuwa amempiga Abigaël picha wiki hiyohiyo. Akamwambia mfiwa asihangaike na picha ya kutangulia jeneza, atamchapishia kubwa, maana kwenye diske anayo iliyosafishwa na ile RAW pia, vilevile kamera ilivyomuona. Kulipokucha, studio imevunjwa.

"Hakuna nakala nyingine?"

"Ni JPEG tu niliyomtumia marehemu kwa WhatsApp, Mama Inspekta. Simu inaikamua. Ukiichapisha kubwa, uso unakuwa vigaevigae. Ya kuchapisha ni ile niliyosafisha, TIFF, nayo iko ndani ya diske."

Bertille alipofika kwenye kilio, jeneza lilikuwa bado uani. Asubuhi Cyprien alikuwa ameleta picha ya WhatsApp, macho wala pua havijulikani, na wajomba wa marehemu wakakataa katakata jeneza lisinyanyuliwe: mtoto wao hatatanguliwa na sura ya mzimu. Na nani ashindane na wajomba siku ya mazishi? Cyprien akatoka, akarudi na nyingine.

Bertille akaisogelea. Kope zilikuwa zinahesabika. Hii haikutoka WhatsApp.

"Papa Cyprien, hii umeitoa wapi?"

"Ku simu ya marehemu bibi yangu."

"Na ile ya asubuhi?"

"Simu ileile."

"Simu moja, picha moja. Mbona ile ilivurugika, hii ni safi?"

Bertille akaamuru nyumba ipekuliwe. Diske ilikutwa ndani ya gunia la unga wa muhogo. Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu iliishia jikoni kwake.

Toussaint akaitwa na kompyuta yake, akaifungua ile RAW palepale sebuleni. Gauni lilelile, tabasamu lilelile. Lakini shingoni kulikuwa na alama za vidole, nyeusi.

"Njo mimi nilimuua," Cyprien alisema, akitazama chini. "Alisema anarudi kwa mama yake. Watu wangenicheka. Nilimukaba kama siku zote, safari hii hakuamuka. Nikamupeleka ku maji."

Bertille alitamani kumtemea mate. Aliua kwa kuogopa kuchekwa, na kwa kuogopa kuchekwa akachapisha ushahidi wake mwenyewe. Akaagiza atiwe pingu, na maiti ipelekwe kwa daktari.

Mama Hélène, mama wa marehemu, alikuwa bado anatazama kompyuta.

"Toussaint. Hizi alama uliziona?"

"Abigaël mwenyewe njo aliniomba nizifute, Mama. Nilifikiri ni mambo ya nyumba yao."

Mama Hélène hakumlaani. Alikwenda uani, akaigeuza ile picha nzuri, ikatazama ukuta.

"Chapisha hiyo yenye alama," alisema. "Kubwa vilevile. Na usifute kitu."