Mkoromo Uliokosa Koo

Siku ya kwanza mumewe alipolala bila kukoroma, mke alisimamisha cherehani ili aufaidi ule utulivu. Ndipo akausikia mkoromo uleule ukitoka stoo.

Alidhani masikio yanamchezea. Mumewe alikuwa mwokaji mikate wa zamu ya usiku, mtu wa kulala mchana, na kwa mngurumo wake wenzake kazini walimbatiza Trekta. Mke aliujua vizuri: unapanda, unapanda, unakatika kama mtu aliyekabwa, kisha mwenyewe anashtuka akihema kama ameibuka majini. Kule kukatika ndiko kulikowapeleka hospitali, baada ya Trekta kusinzia amesimama na mkono wake kuponea chupuchupu kwenye mashine ya kukanda unga. Daktari alisema pumzi yake inasimama usingizini. Akampa kimashine cha kusukuma hewa, chenye mpira mrefu, kitanki cha maji na barakoa.

"Mwanzoni utahisi umetoa kichwa dirishani na basi linakimbia," muuguzi alimwambia. "Usishindane na hewa. Vaa barakoa hata ukiwa macho, mpaka uizoee."

Trekta hakuizoea upesi. Mikanda ilimkata masikio, hewa ikamjaza tumbo, mara mbili akaivulia mbali usingizini. "Nimekuwa tembo," alinung'unika akiushika mpira. "Lala basi, tembo wangu," mkewe alimwambia huku akilegeza mikanda. Na siku hiyo alilala, kimya kama gogo.

Sasa mke alifungua mlango wa stoo. Mkoromo ukakatika. Ndani hamkuwa na kitu ila ndoo, vitambaa na harufu nzito, harufu ya mdomo uliofumbwa muda mrefu. Alisubiri. Kisha, nyuma yake, kwenye korido tupu, kitu kikashtuka na kuvuta pumzi.

Hakumwambia mtu. Lakini mkoromo ulizunguka nyumba, leo bafuni, kesho nyuma ya kabati, na kila mara ulipokatika alijikuta na yeye amezuia pumzi. Hatimaye alikaa ukingoni mwa kitanda, akanong'ona, "Baba, humu ndani kuna mtu anakoroma."

Trekta alivua barakoa taratibu. Hakucheka. "Hata mimi nimeusikia. Nilikuwa macho. Ulikuwa chini ya kitanda."

"Ni nini?"

"Tangu ujana, nikishtuka usingizini nahisi kitu kinajigeuza hapa." Aligusa koo. "Kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia. Niliona aibu kumwambia daktari. Nadhani hewa imelitoa."

"Sasa linataka nini?"

"Pa kulala," alisema. "Fumba mdomo ukilala, mama. Fumba kabisa."

Binti yao alikuja wiki hiyohiyo na mtoto mchanga, kupumzika kidogo kwa wazazi. Mama alimsihi arudi kwake, binti akamcheka. "Jini linalokoroma? Mama, punguza kushona, usije ukaona na linalopiga chafya." Akamlaza mtoto sebuleni, akatoka kuanika nepi.

Mama alibaki kwenye cherehani, jicho moja kwa mjukuu, na jua lilikuwa kali dirishani na jirani alikuwa akiosha masufuria, kila kitu kikiwa cha kawaida kiasi kwamba aliona aibu kwa hofu yake, mpaka pale mtoto alipopiga mwayo, kamdomo kakafunguka, ile harufu ikapita sebuleni kama mtu anayewahi kiti, na kutoka katika kile kifua kidogo kuliko kiganja ukapanda mkoromo wa mwanamume mzima, mzito, wa kukwaruza, ukapanda, ukapanda, ukakatika.

Mtoto alianza kuwa wa bluu.

"Baba!" alipiga yowe. "Mtoto!"

Trekta alitoka chumbani mbio, barakoa ikimning'inia shingoni, mpira ukiburuzika sakafuni. Alipiga magoti, akaachama juu ya uso wa mjukuu wake mpaka taya zikalia.

"Hapo hapakutoshi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mlevi. "Njoo. Huku unakujua."

Shingo yake ilivimba, kisha ikarudi. Mtoto akalia. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote ambazo bibi yake amewahi kusikia.

Binti aliingia mbio, akambeba mtoto, akaondoka na nepi zikiwa mbichi. Trekta akaunganisha mpira, akakaza mikanda. "Safari hii hewa iliwahi kulifungia," alisema. "Nalihisi limelala chini. Mradi mashine inawaka, halipandi."

Na kweli, nyumba ilitulia. Trekta alinenepa mashavu, kazini hakusinzia tena, na mkewe alirudi kulala naye adhuhuri, pua mgongoni kwake, akisikiliza ule upepo mdogo ukienda na kurudi.

Ndivyo walivyokuwa wamelala mchana ule umeme ulipokatika.

Upepo ukakoma. Mke alifumbua macho akamwona mumewe amekakamaa, shingo imevimba, midomo inageuka rangi chini ya plastiki. Akang'oa barakoa. Hakupumua. Akampiga kifuani, akamtikisa mabega, hakupumua, na mwanamke ambaye kwa wiki nzima alifumba mdomo hata akiwa anaoga, akasahau kila kitu, akaachama akamwita kwa sauti yake yote.

Trekta alivuta pumzi ndefu, safi. Uvimbe shingoni ulikuwa umetoweka. Alifumbua macho, akatabasamu kama kijana.

"Limetoka," alisema kwa mshangao. "Mama, ulikuwa unaniita?"

Mkewe alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa amefumba mdomo, mikono yote miwili imeshika koo, na hakuthubutu kumjibu, lisije likamrudia.