Idhini ya Bi Hapana

Ukumbi wa kampuni ya simu ulikuwa umefurika asubuhi ile. Viti vilijaa, waliosimama waliegemea kuta, na feni moja ilizunguka kwa uvivu kana kwamba nayo inasubiri kuitwa. Mpole alikuwa amekuja kurudisha laini yake iliyopotea. Jina hilo alipewa na mama yake utotoni, kwa sababu alikuwa mtoto asiyelia hata akinyang'anywa kitu mkononi. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa programu za kompyuta, na kazini nako walimwita hivyo hivyo. Ilipoitwa namba sitini na tatu alisogea dirishani, na mwanamke mmoja akafika pale pale.

"Samahani kaka, hii zamu yangu," mwanamke akasema, akainua kikaratasi. Sitini na tatu.

Mpole akainua chake. Sitini na tatu.

Mwanamke alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, viatu vya chini, na miwani aliyoipandisha juu ya nywele. Hakuonekana mtu wa ugomvi, ila hakuonekana mtu wa kurudi nyuma pia. Akamgeukia mhudumu. "Dada, namba moja haiwezi kuwa ya vitu viwili. Mashine yenu ikirudia namba, mtamhudumia nani na mtamwacha nani?"

Mpole alishtuka. Maneno hayo alikuwa ameyasoma mara nyingi mno.

"Wewe ni Bi Hapana," akasema kabla hajajizuia.

"Na wewe ni nani unayenibandika majina mbele za watu?"

"Mimi ni Mpole. Wa kituo cha magari ya wagonjwa."

Mwanamke akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kamba za viatu. "Kumbe ndiye wewe unayenitia wazimu. Nilidhani ni mzee mwenye kitambi."

Walikuwa wameandikiana miezi minane bila kuonana. Mtu anapoomba gari la wagonjwa, kompyuta ya kituo hutuma ujumbe kwenye kifaa kilichomo garini, na mwingine hospitalini. Ili mashine hizo zielewane, umbo la ujumbe huandikwa kwenye faili: namba moja ni jina la mgonjwa, namba mbili mtaa wake, namba tatu hali yake, na kuendelea. Mashine hazijali majina, zinafuata namba. Faili hilo hupitishwa kwenye programu ndogo isiyo na picha wala vitufe, ya kuandikiwa amri kwenye kidirisha cheusi. Ukiiamuru ijenge, hugeuza faili kuwa msimbo wa kutumiwa na kompyuta zote. Ukiiamuru ikague, hulinganisha faili jipya na la zamani, na ikiona badiliko litakalovuruga maelewano, hukataa kwa maandishi mekundu. Juu ya programu hiyo alikaa Bi Hapana, makao makuu, ng'ambo ya pili ya jiji. Bila idhini yake hakikupita kitu, na hiyo ndiyo asili ya jina lake.

Siku ile mhudumu aliwahudumia wote wawili kwa pamoja ili yaishe. Wakatoka wakicheka. Wiki haikuisha, simu zikaanza.

"Umeniandikia hapana tena leo," Mpole alilalamika.

"Nimeikataa kazi yako. Wewe sijakukataa."

"Sasa nitajuaje tofauti?"

"Njoo unichukue saa kumi na moja. Utaijua."

Aliijua. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anapanda ngazi za ghorofa ya nne kila Jumapili, kwenye nyumba ambayo Bi Hapana aliishi na mama yake aliyekuwa akiugua figo. Mama alimpenda haraka. "Huyu hana kelele," alimwambia binti yake. "Ila mwangalie. Mtu asiye na kelele hujui amelala au yuko macho."

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Bi Hapana alipiga simu akiwa kwenye korido ya kliniki.

"Mpenzi, mama ameongezewa vipimo, na kuna faili la anwani linasubiri idhini yangu. Watu wa hospitali wamenikaba koo. Nakupa nywila yangu. Lipitishe hilo moja."

"Usijali. Mwangalie mama."

"Hilo moja tu, unanisikia?"

"Nimesikia, laazizi."

Alilipitisha. Angefunga pale, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini saa nne Mkuu wa kituo alikuja kusimama nyuma ya kiti chake, manukato yake yakitangulia. Saa sita wangefika wageni wa kukagua kituo, na alitaka waone kwamba ujumbe sasa unaeleza kama mgonjwa anahitaji oksijeni. Mpole akaongeza kipengele hicho. Akakipa namba tisa, kwa kuwa ilionekana tupu. Kipengele chake cha zamani kiliondolewa mwaka uliopita. Akaamuru programu ikague. Maandishi mekundu yakajaa: namba tisa iliwahi kutumika.

Alimpigia Bi Hapana mara mbili. Simu ilikuwa imezimwa. Bila shaka walikuwa chumbani kwa daktari.

"Mkuu, inakataa. Tungoje kidogo."

"Anayekuamuru hapa ni mimi au hiyo programu?"

Mpole aliutazama mstari mwekundu, akatazama saa ya ukutani. Kisha akaandika amri ya kuruka ukaguzi, na penye idhini akaweka nywila ambayo haikuwa yake.

Zamani namba tisa ilimaanisha safari imefutwa. Magari mengi yalishasahau hilo. Magari saba ya zamani, ambayo vifaa vyake vilikuwa havijasasishwa, hayakusahau. Kwa magari hayo, kila mgonjwa aliyehitaji oksijeni alikuwa mgonjwa aliyefutwa.

Saa saba mchana Mpole aliona kwenye ramani ya ukutani nukta moja ikigeuza njia, kisha ya pili. Waliokuwa zamu walidhani ni foleni. Yeye alielewa. Alichukua redio akaanza kuita dereva mmoja mmoja: "Rudi, safari haijafutwa. Rudi." Wengine walijibu. Wengine walikuwa wameshuka garini kunywa chai, na sauti yake ikaishia kwenye viti vitupu. Aliita mpaka ikakauka.

Wagonjwa watano walisubiri gari lililogeuka. Mmoja, mwalimu mstaafu, alipelekwa hospitalini na majirani, midomo imekuwa ya buluu. Alilala siku tisa bila fahamu. Aliamka, lakini miguu haikurudi kama zamani.

Siku iliyofuata mkasa ule, kikao kiliitwa. Bi Hapana alikaa upande wa pili wa meza, amevaa koti jeusi, macho yamevimba kwa kukesha na mama.

"Idhini iliyotumika ni yako," Mkuu akasema. "Una la kusema?"

Bi Hapana aliinua kichwa. Akamgeukia Mpole, akamsubiri. Mpole alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga tangu alfajiri. Akatazama meza.

"Nywila ni yangu," Bi Hapana akasema hatimaye. "Kuilinda ilikuwa kazi yangu."

Barua ya kumwachisha kazi ilitoka siku hiyo hiyo. Mpole alimkimbilia kwenye ngazi.

"Nilitaka kusema. Naapa nilitaka."

"Nilikungoja."

"Sijui nini kilinipata."

"Mimi najua," akasema, "na ndicho kinachoniumiza. Nenda, Mpole. Sina nguvu ya kukugombeza."

Kuanzia hapo simu ya Bi Hapana iliita bila kupokelewa, halafu ikawa haiiti kabisa. Siku ya nne Mpole aliandika kila kitu kwenye karatasi mbili, akampelekea Mkuu. Mkuu alisoma, akazikunja.

"Na mimi umenitaja?"

"Nimekutaja."

"Basi hukuandika," Mkuu akasema, akazifungia kwenye droo.

Mpole akaandika barua nyingine, akaipeleka makao makuu kwa mkono wake. Ilipigwa mhuri. Jibu lilikuja baada ya wiki tano: yeye amefukuzwa, na uamuzi dhidi ya mwenzake unabaki, kwa kuwa alitoa nywila. Kuhusu Mkuu hapakuwa na mstari hata mmoja. Mpole aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena, kama vile maneno yangejirekebisha.

Jumamosi alijikaza akapanda ngazi za ghorofa ya nne. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na maneno au umekuja na mikono? Maana leo tunahama."

Bi Hapana alitokea jikoni na kitambaa kichwani. Alimtazama kitambo. "Nimepata kazi mji mwingine," akasema. "Safari ya siku nzima. Kama huna shughuli, shika kabati upande huo."

Alishika. Walishuka wakihema, yeye chini, Bi Hapana juu, kabati katikati. Kwenye kona ya ghorofa ya pili wakasimama kupumzika.

"Nimesikia uliandika," Bi Hapana akasema.

"Haikusaidia."

"Hapana, haikusaidia."

"Nataka nikuoe," Mpole akasema, shavu lake limebanwa na ubao wa kabati. "Najua si mahali pake. Najua nimechelewa."

Bi Hapana aliegemea ukuta.

"Ungesema hivyo kabla ya kikao kile," akajibu taratibu, "ningepiga vigelegele peke yangu humu kwenye ngazi. Sikuchukii. Ningekuchukia ningepumzika. Lakini nikilala nakuona umetazama ile meza." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Inua, litatuponda."

Wakainua. Hakukuwa na la zaidi alilojua kufanya. Alibeba godoro, masufuria, dawa za mama kwenye mfuko wake. Alimshika mama mkono mpaka kwenye kiti cha mbele cha gari la mizigo. Bi Hapana alipanda mwisho.

"Nikupigie mkifika?"

"Usipige."

"Kesho?"

"Mpole, sijui."

Gari likaondoka, likakata kona. Yeye alibaki barabarani, mikono imening'inia, vumbi la kabati kifuani.

Hakupiga. Siku ya tatu, mchana, simu yake iliita kwa namba asiyoijua.

"Ufunguo wa kabati uliuweka wapi?" Hakusalimia.

"Ndani ya kiatu chako cheusi, ili usianguke njiani. Mama alisafiri salama?"

"Miguu ilimvimba kidogo. Sasa hajambo. Kliniki ya huku iko karibu."

"Maji yapo?"

"Yanatoka asubuhi." Upande wa pili ilisikika sauti ya mama ikiuliza ni nani, na mlango ukifungwa taratibu.

"Basi tazama kwenye kiatu," Mpole akasema. "Nangoja."

"Nilishatazama. Niliupata juzi."

Mpole aliketi ukingoni mwa kitanda, simu sikioni. Hakuthubutu kuuliza kitu. Na Bi Hapana hakukata.