Maji Yaliyomezwa Bura

Nilipanda Bura, mlimani kwa kina baba, jioni moja nikiwa na pedi ya wino kwenye pochi, kwenda kutafuta dole gumba la shangazi yangu. Sina njia nyingine ya kulisema. Shangazi Tryphena hakuwahi kujifunza kuandika, na ile ofisi ya serikali inayoshika mali isiyodaiwa ilitaka alama yake kabla ya kunitolea pesa za marehemu baba.

Pesa zenyewe nilizipata kwa simu. Shanice, binti yangu, ndiye alinionyesha: unabonyeza, unaweka namba ya kitambulisho cha marehemu, unangoja. Nikajibiwa kwamba kweli, ipo akaunti. Baba alikata mkonge maisha yake yote na hakutuambia siku hata moja kwamba ana akaunti. Na mrithi aliyemwandika si mama, si mimi, si ndugu yangu Hillary. Alimwandika Tryphena, dada yake ambaye hawakusemezana mpaka akaingia kaburini.

Wakati huo Hillary alikuwa mochari, hapa Voi. Alilala pale tangu mvua za vuli, na hospitali ilisema mwili hautoki mpaka deni liishe. Harambee tulishafanya, ikaliwa na dawa akiwa bado anapumua. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona yunifomu za shule. Ningeshona mpaka vidole viote sugu nisingefika. Katuku, mzee anayefanya kazi mochari, aliniita pembeni akanieleza kwa upole kwamba mwili usiochukuliwa hutangazwa, kisha kaunti inauzika pamoja na wengine, shimo moja. Nikamwambia asante. Siku zile sikuwa na neno lingine kwa mtu yeyote. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, nakula na sijui ninakula nini.

Kwa hivyo nikapanda Bura.

Mwenye pikipiki aliniacha chini kidogo ya kanisa. Akasema atangoja, lakini giza likiingia anaondoka, zile kona hawezi kuzishuka usiku. Nikashika njia ya miguu, katikati ya mahindi na migomba. Ukungu ulikuwa unashuka. Nilinusa moshi wa jikoni kwa watu, halafu chini ya ule moshi nikanusa kitu kingine... mkonge. Mkonge uliolowa maji ukaanza kuoza.

Bura hakuna mkonge. Mkonge uko kule chini bondeni.

Ile ilikuwa harufu ya nguo za baba akirudi kazini. Nikaitambua vizuri, na nikaendelea kutembea. Mwenye shida hachagui njia.

Shangazi nilimkuta ameketi karibu na moto, mlango wazi. Nikamsalimu, akaitikia bila kusimama. Nikamweleza yote: akaunti, ofisi, Hillary kwenye barafu. Aliuliza jambo moja tu.

"Aliandika jina langu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Angekuja mwenyewe."

Akaninyooshea dole. Hakuuliza ni pesa ngapi. Nikalipaka wino, nikaligandamiza kwenye karatasi, nikapuliza ikakauka, nikaikunja na kuitia pochini. Kama ningeondoka pale pale labda nisingekuwa na hadithi ya kumsimulia mtu.

"Sasa tutase," akasema.

Kutasa ni jambo letu la zamani sisi Wadawida wa Taita. Unachukua maji mdomoni, unayatema kwa kuyanyunyiza, na hasira uliyomwekea mwenzako inatoka nayo. Nyanya yangu alipokuwa anakufa aliwaita watoto wake wawili watase mbele yake, kwa sababu walikuwa wamegombana. Tryphena akatema. Baba yangu alikuwa ameokoka mwaka ule ule, na moto wa wokovu mpya tunaujua. Akasema haya ni mambo ya shetani. Akayameza yale maji, mama yake akimtazama, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akaondoka. Hakurudi Bura tena.

Nikamkumbusha shangazi kwamba baba ni marehemu. Akasema anajua, ndiyo maana nimekuja mimi. Nitasimama mahali pake. Mimi pia nimeokoka. Lakini kule chini pikipiki ilikuwa inapiga honi, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikachukua kibuyu, nikajaza mdomo, nikatema kizingitini haraka haraka kama mtu anayesukutua asubuhi.

Yeye akachukua yake.

Akayashika mdomoni. Mashavu yamejaa. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, mlangoni. Moto ukalala chini. Ile harufu ya mkonge ikaingia ndani, nzito, mpaka nikaisikia kwenye ulimi. Na pale kizingitini kitu kikaanza kudondoka.

Tone...

Tone...

Sikugeuka.

Koo la shangazi likapanda. Likashuka.

"Shangazi," nikanong'ona, "umemeza."

Akafungua mdomo nikaona ulimi, mkavu, mweupe.

"Si mimi niliyemeza."

Akanishika gauni. Akaniomba nikae, tuchukue maji tena na tena mpaka yatoke, hata ikiwa ni mpaka asubuhi. "Usiende hivi, Rita," akasema. "Yatatafuta mtu." Honi ikalia. Dole lake nilikuwa nalo pochini, na nilikuwa nimechoka uchovu ambao hauogopi kitu. Nikamwambia nitarudi Jumapili. Nilipovuka kizingiti nilitazama pale nilipotema. Palikuwa pakavu.

Jumapili sikwenda. Pesa zilichukua muda wake, zikatoka. Nikalipa hospitali, nikashona shati jeupe, nikaenda na Shanice kumvika mjomba wake. Katuku akamvuta Hillary kutoka kwenye sanduku la chuma la barafu. Alikuwa mgumu na mweusi, si yule ndugu yangu, nami nilimtazama kama ninavyotazama kitambaa. Nikatia mkono wa kulia chini ya shingo yake, nimwinue, nifunge kola.

Mdomo ukafunguka.

Yalikuwa maji. Katuku anajua yanayomtoka maiti, amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, na yeye ndiye aliyeruka nyuma. Yalikuwa maji safi, ya vuguvugu, yananuka moshi wa kibuyu. Na hayakuchuruzika. Aliyanyunyiza. Pfff... kama mtu anayetasa. Yakaniangukia mkono wote.

"Mama," Katuku akanong'ona, "huyu ameganda kutoka siku aliyoletwa."

Nikamwomba taulo. Akanipa, nikamwambia asante.

Hillary tulimzika Bura. Shangazi Tryphena alikuja, akatupa udongo wake, kisha akanijia. Akaushika mkono wangu wa kulia na kuugeuza huku na huku, kama anayekagua muhogo sokoni. Nikamwambia yalitoka kwa Hillary. Nikamuuliza kama sasa yamekwisha.

"Aliyameza baba yako," akasema. "Wewe ndiye uliyesimama mahali pake."

Akauachilia. Sijamwona tena, na sijamtafuta.

Mkono huo sasa hausikii. Sindano hupita kidoleni, nikajua nikiona damu kwenye yunifomu ya mtoto wa watu. Daktari anasema ni mishipa, ni cherehani la miaka mingi. Huenda. Pesa zilizobaki ziko benki na sijazigusa, na katika ile akaunti mrithi nimemwandika Shanice. Nilipoandika jina lake ndipo nilipoogopa, kwa mara ya kwanza tangu Hillary afe. Niliogopa sana. Sitaki apande mlima siku moja akitafuta dole la mtu kwa ajili yangu, halafu yamkute na yeye.

Basi kila jioni nachukua maji, nasimama mlangoni, nitase. Sina hasira na Shanice hata kidogo. Ni mtoto mzuri, ananifulia, ananitungia uzi kwenye sindano. Nataka tu yatoke, yaishie kwangu.

Jana nilimwita asimame mbele yangu, nikifikiri labda nikimwona uso itakuwa rahisi. Nikajaza mdomo. Akawa ananicheka, mashavu yangu yalivyovimba. Kisha harufu ya mkonge ikaingia, hapa Voi mjini, katikati ya nyumba za mabati, na koo langu likapanda, likashuka.

"Mama," akasema, "si umemeza."

Nilitaka kumwambia si mimi.