Mwenye Ghala la Mbata

Mpini wa mashine ya hesabu ulivutwa mara moja, krrrak, ndani ya ofisi iliyofungwa.

Chirau alikuwa barazani, mdomo umejaa muhogo wa nazi aliopikiwa na mama yake. Mbodze alikuwa ameketi upande wa pili wa baraza ile ile, akimenya chungwa. Mzee Mwero, mhasibu, alikuwa amekwenda msikitini kwa sala ya adhuhuri, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Wafanyakazi wa ofisi ile walikuwa ni hao watatu tu.

"Umesikia?" Mbodze aliuliza kwa sauti ya chini.

"Panya."

"Panya huvuta mpini?"

Chirau aliendelea kutafuna. Siku hizo hakupenda kumjibu Mbodze jambo lolote.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Ushirika wa wakulima wa korosho na mbata, nje kidogo ya Msambweni, ulikuwa umenunua nyumba ya mawe ya tajiri mmoja aliyehama, nyumba iliyokaa miaka mingi imefungwa komeo. Vyumba vya mbele vikawa ofisi ya fedha. Chumba cha nyuma, chenye dirisha moja la nondo, kikawa ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Kamati ilitaka vijana wa nyumbani washike hesabu badala ya wageni waliokuwa wakifunga mizigo, ikachukua wanafunzi wawili wa sekondari wafanye kazi ya likizo chini ya Mzee Mwero. Atakayeonekana anafaa zaidi angelipiwa masomo ya uhasibu Nairobi.

Chirau alikuwa mwana wa pale pale. Kabla hata hajaanza kazi, watu sokoni walishamwita Bwana Mhasibu, na mama yake, Bi Biasha, alikuwa amemshonea mashati mawili meupe. Kisha akaja huyu Mbodze, Mduruma kutoka Kinango, mwembamba, nywele amezisuka mistari hadi shingoni, viatu vyake vya raba vimepakwa chokaa. Alijumlisha kwa kichwa huku Chirau angali anatafuta pa kuanzia. Wakulima walipofika dirishani walisema, "Niitie yule binti." Mzee Mwero, mtu asiyecheka, alicheka na Mbodze. Chirau alikuwa akikisikia kicheko kile kutoka mezani kwake, na kila kiliposikika kalamu yake ilitoboa karatasi.

Alijaribu kuwahi ofisini kuliko yeye. Alijaribu kuandika kwa mwandiko uliosimama kama wake. Jioni, nyumbani, alimwiga mbele ya mama yake jinsi anavyosema "naam, Mzee," akabana pua, lakini mama hakucheka.

"Mwanangu, amekukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

Na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku moja adhuhuri Mzee Mwero alimwambia Mbodze, Chirau akisikia, kwamba taarifa ya kupelekwa kwenye kamati ataiandika yeye Mbodze. Chirau akajifanya anakwenda kutazama magunia. Akaingia ghalani, akarudisha mlango. Mle ndani jua lilipita kwenye nondo likaanguka juu ya magunia, na joto la mbata lilikuwa zito kama blanketi lililoloa mafuta. Akaegemea ukuta, akasema peke yake, kwa sauti, maneno aliyokuwa akiyameza tangu mwanzo wa mwezi.

"Simpendi. Wallahi simpendi. Laiti angeondoka, arudi kwao, nisimwone tena."

Nyuma ya magunia mtu akashusha pumzi, taratibu, kama mwanamke aliyesikia habari anayoielewa.

"Mimi pia simpendi," sauti ikasema.

Chirau hakukimbia. Jambo hilo alilifikiria sana baadaye. Alisimama pale, na kabla ya woga kumfika ilimfika faraja, maana kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa upande wake. Kisha akasikia harufu ya nywele zilizopakwa mafuta ya nazi kisha zikaunguzwa na moto, na hapo ndipo miguu ilipomtoa nje.

Hakumwambia mtu.

Kesho yake Mbodze alitumwa ghalani kusoma alama za magunia. Alikawia. Mzee Mwero aliita, asiitikiwe. Wakasikia mlio mwembamba, kama wa paka aliyebanwa, wakausukuma mlango ambao haukuwa na komeo lakini ulikuwa mzito kama unashikiliwa kwa mabega, na ulipofunguka wakamwona Mbodze amelala chali juu ya magunia, macho wazi, mdomo wazi, kichwa hakigeuki, kwa sababu nywele zake zote, msuko kwa msuko, zilikuwa zimefumuliwa na kusukwa upya pamoja na nyuzi za magunia, unywele na uzi, unywele na uzi, kwa ustadi ambao vidole vya binadamu havina, hata isijulikane nywele zinaishia wapi na gunia linaanzia wapi.

"Ametumia muda mrefu," Mbodze alinong'ona, machozi yakiingia masikioni. "Alikuwa akiimba."

"Nani, mwanangu? Nani?" Mzee Mwero aliuliza.

Ilibidi nywele zikatwe. Mikasi ya kukatia karatasi ilikuwa mezani kwa Chirau, na aliyeikamata alikuwa Chirau. Alikata karibu na ngozi, na chini ya huruma yake, mahali ambapo hakutaka kupatazama, alifurahi.

Mbodze alirudishwa Kinango siku hiyo hiyo.

Basi Chirau akabaki peke yake na Mzee Mwero. Kazi ikamnyookea kwa namna ya kutisha. Akiweka kidole kwenye tarakimu, mashine ilijivuta yenyewe, na jibu lilikuwa sahihi. Ile harufu ilikaa nyuma ya kiti chake kutwa nzima. Mzee Mwero akasema, "Sasa nakuona, kijana," akamwekea mkono begani. Kufika alasiri mkono ule ulikuwa umekufa ganzi, vidole vimekunjamana, hawezi kushika hata tasbihi.

Tsuma, rafiki yake Chirau, alimkumbatia njiani, akaanguka papo hapo akitapika. Mama yake Chirau alimpangusa mwanawe jasho usoni kwa upindo wa leso, na alipogeuka kuipua sufuria, maji ya moto yakamrukia kiganjani, kiganja kile kile alichompangusia, ilhali sufuria haikuguswa.

"Mama!"

"Usinisogelee," Bi Biasha alisema, akirudi nyuma hadi ukutani. Hakuwa akimtazama yeye. Alitazama juu kidogo ya bega lake. "Chirau, mwanangu, sema polepole. Nani huyo uliyeingia naye?"

Na Chirau, akitaka kusema hakuna mtu, akasikia shavuni pumzi ya moto, na karibu kabisa na sikio, kwa upole wa mke aliyekosewa, ile sauti ikamwuliza kwa nini anamlilia mwanamke mwingine, kwani yeye hamtoshi, kwani si yeye aliyemfanyia yote aliyoyaomba, akamwondolea yule, na sasa atamwondolea huyu, na wote, mmoja baada ya mmoja, hadi wabaki wawili tu ghalani, katika joto, milele.

Bi Mbeyu, mganga wa pepo aliyeitwa na Bi Biasha, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja kesho yake alasiri na wapigaji wake, akamlaza Chirau kwenye mkeka uani, akamfunika nguo nyeusi ya kaniki, akafukiza ubani. Wapigaji wakaanza kuzitikisa kayamba, yale matete yaliyofungwa bapa yenye mbegu ndani, na mbegu zikavuma kama mvua juu ya makuti. Mwili wa Chirau ukaketi wenyewe.

"Salaam aleikum, mgeni," Bi Mbeyu alisema. "Unamtaka nini mtoto wa watu?"

Kinywa cha Chirau kikajibu kwa sauti ya kike. "Sikumtafuta. Nilikuwa nimekaa kwangu. Yeye kaja kaniletea wivu wake, mbichi, unatoka moshi. Sijapewa kitu kitamu kama kile tangu nyumba ifungwe."

"Toka."

"Atanilisha nani nikitoka?"

Kayamba zilipigwa hadi jua likaegemea. Jini halikutoka. Bi Mbeyu akafuta jasho, akamwambia Mzee Mwero, aliyekuwa amesimama kando ya ua, "Huyu ameshikwa kwa wivu. Nileteeni aliyeonewa wivu. Kijana amtamkie mwenyewe, mbele yetu, wivu umtoke."

Mzee Mwero akapeleka lori la ushirika Kinango. Kesho yake, alasiri vile vile, Mbodze akaingia uani, kichwa amekifunga kitambaa. Aliwaamkia wakubwa, "Shikamooni," akaketi mkabala na mkeka. Aliambiwa kijana anakufa, ndiyo maana alikuja.

Chirau alikuwa mifupa tu. Alipambana na kinywa chake hadi kikamtii.

"Mbodze. Nilikuonea wivu. Nilitaka uondoke. Nililisema kwa kinywa changu, likasikika. Nisamehe."

Kayamba ziliendelea kuvuma. Mbodze aliinamisha kichwa. Alikuwa msichana mkweli, na ukweli ndio aliojibu nao.

"Nilijua. Nami nilikuonea wivu wewe. Kila adhuhuri mama yako alikuletea chakula cha moto, kingali kinafuka moshi. Mimi mama yangu alizikwa nikiwa mdogo. Nilikuwa nakutazama unavyokula bila hata kusema asante, natamani kikukwame kooni."

"Nyamaza!" Bi Mbeyu alipiga kelele. "Usiseme zaidi, binti!"

Lakini lilikwisha kusemwa. Ile harufu ya nywele zilizoungua ikanyanyuka juu ya mkeka, na kila mtu aliyekuwa pale aliisikia ikipita, polepole, bila haraka, ikavuka ua. Chirau akaanguka kifudifudi, mwepesi, mtupu, amepona. Mbodze aliwahi kusema "Mama" tu. Kisha mabega yake yakalegea, na kichwa chake kikainama upande mmoja, kikapumzika, kama cha mtu aliyeegemewa na mwenzake anayemnong'onezea.

Akatabasamu.

Bi Biasha alikuwa ameshamkumbatia mwanawe, akilia, akimshukuru Mungu, akimbusu paji la uso, na hapakutokea lolote la kumdhuru. Chirau alikuwa huru. Kifua chake kilikuwa baridi na kipana kama nyumba iliyohamwa. Juu ya bega la mama yake alimtazama Mbodze, akaona jinsi alivyokuwa akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwa siri, na kilichompanda moyoni hakikuwa hofu wala huruma. Alitamani kujua anaambiwa nini. Alitamani aambiwe yeye.

Wapigaji walikuwa wanashusha mikono. Bi Mbeyu, ambaye wakati wote ule hakuwa akimtazama binti bali Chirau, aliinua kiganja kuwazuia.

"Msiweke kayamba chini," alisema. "Sasa wagonjwa wako wawili."