Kijiti Kilichopumua

Kila Jumamosi Mwongeli alianza kwa kuteka maji, kisha akafua sare yake ya shule na kuianika. Kazi ikiisha, alikimbilia meza ya Mama Tonny, muuza mandazi wa mtaa wao wa Lindi. Mandazi yakishanunuliwa yote, Mama Tonny alipangusa mafuta na kuwaachia watoto meza wacheze.

Mchezo wao ulikuwa wa vijiti vya mishikaki, vipya, vilivyosuguliwa ncha visidunge. Mchezaji aliviachia vikatawanyika mezani, kisha wakavitoa kimoja kimoja kwa zamu. Kijiti kingine kikitikisika hata kidogo, watoto wa pale walisema "kimepumua," na zamu yako imekwisha.

Siku hiyo Brandon, binamu ya Daisy, rafiki ya Mwongeli, alikuwa amekuja kutoka mtaa wa Kawangware kutafuta mshindi mmoja wa kwenda kucheza na watoto wa kwao kesho yake, baada ya kanisa. Mwongeli aliitamani sana safari hiyo, hata gauni lake alikuwa amekwisha kulipiga pasi.

Wakabaki wawili, yeye na Daisy, wakiwa sawa. Atakayetoa kijiti kimoja zaidi ndiye mshindi.

Mwongeli alizuia pumzi. Akakibana kijiti kwa vidole viwili, akakiinua polepole. Mara moshi wa jiko ukawapiga wenzake usoni, wakafumba macho na kukohoa. Papo hapo kijiti cha chini kikapumua. Kidogo tu, kama ukope unavyocheza.

"Ametoa! Mwongeli ametoa!" Tonny, mtoto wa mwenye meza, akapiga kelele huku akifikicha macho. "Daisy, umeshindwa, enda ukalale!"

"Nimekubali," Daisy akasema, akamkumbatia Mwongeli. "Umeniweza, beshte. Kesho uwanyoroshe hao wa Kawangware, uwashinde wote."

Kumbatio lile lilimchoma Mwongeli kuliko moshi.

"Kimepumua," akasema.

"Nini?" Daisy akauliza.

"Kijiti cha chini. Kimepumua. Zamu ni yako." Akakirudisha mezani kile alichotoa.

Tonny akashika kichwa. "Aki wewe! Si hakuna mtu ameona?"

"Mimi nimeona."

Daisy akamtazama, kisha akainama. Akatoa kijiti bila kutikisa kingine. Watoto wakashangilia. Mwongeli naye akapiga makofi, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Brandon akajikuna kisogo. "Daisy, kesho Mwongeli pia uje naye," akasema. "Kwetu tunagombana kila mchezo, kila mtu anasema chake hakijapumua. Awe refa wetu."

Mama Tonny akafuta mikono kwa leso, akamvuta Mwongeli karibu.

"Sikia, mwanangu. Kijiti hakina mdomo. Kikitikisika, kinamngoja aliyekigusa akisemee. Leo ungeweza kushinda, lakini ungejua peke yako kwamba ushindi si wako, na hilo ni zigo. Umesema kweli ikakuuma, na sasa hata wasiokujua wanakuamini. Haya, twende nikakuombee ruhusa kwa mama yako."